Shingo za Juba na chumvi ya Nimule

Chumvi inayotiwa kwenye sufuria za Juba kwa sehemu kubwa hutoka nje ya nchi. Sudan Kusini haina bahari, na mzigo mwingi wa sokoni hupanda kwa malori kutoka Uganda na Kenya, ukavuka mpaka wa Elegu na Nimule, ukamaliza kilomita 192 za lami hadi mjini. Katika soko la Konyo Konyo chumvi huuzwa ya pakiti, na huuzwa pia ya kupima kutoka kwenye gunia lililoachwa wazi. Mnunuzi hutazama weupe na bei. Kama ndani yake mna madini joto au hamna, haulizi, na hata angeuliza, muuzaji hana la kumjibu.

Swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia mazungumzo yote kuhusu saratani ya tezi thairoidi katika mji huu. Orodha za mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo zimejaa kwenye simu za watu: mionzi, urithi, jinsia, umri, unene. Orodha hizo si za uongo. Ila nyingi zimeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo tatizo la shingo kuvimba kwa kukosa madini joto lilikwisha zamani, na mkazi wa mitaa ya Juba kama Gudele au Kator akizisoma anaweza kudhani hatari iko mbali na jiko lake. Kwa Juba mpangilio ugeuzwe: ianze chumvi, lifuate rovu (uvimbe huo wa shingo) la miaka mingi ambalo halijaguswa na daktari, kisha hayo mengine.

Tezi yenyewe ni ndogo. Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, imekumbatia koo la hewa kwa mabawa mawili kama kipepeo, na uzito wake kwa mtu mzima hauzidi sana gramu 20. Hutengeneza homoni zinazotawala joto la mwili, mapigo ya moyo, ukuaji wa mtoto na ukomavu wa ubongo wa mimba iliyo tumboni. Homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila madini joto, yaani iodini, nayo hupatikana kwa kula tu. Yakipungua, ubongo huisukuma tezi ijitahidi zaidi, nayo hutanuka ili inase hata kile kidogo kinachopita kwenye damu. Ikiendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, hutokea rovu, au goita.

Rovu si saratani, na marovu mengi hayageuki kuwa saratani. Hilo lazima lisemwe mapema, kwa sababu hofu nayo huua: humpeleka mgonjwa kwa mganga wa kupaka majani huku miaka ikipita. Lakini rovu la siku nyingi, hasa lenye vinundu, ni moja ya mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa saratani ya thairoidi, na ndilo jambo ambalo Juba inaweza kulishughulikia kwa fedha kidogo kuliko mengine yote.

Saratani hii ina sura kadhaa, na tofauti zake ni kubwa mno. Ya papilari ndiyo iliyoenea zaidi; katika nchi zenye madini joto ya kutosha huchukua takriban wagonjwa wanane kati ya kumi. Hukua polepole, na wengi wanaotibiwa huishi miaka kumi na zaidi, wengine hadi uzeeni. Ya folikula ina tabia ya kusafiri kwa damu hadi kwenye mifupa na mapafu, na huonekana kwa kiasi kikubwa zaidi mahali penye uhaba wa madini joto. Ya medula ni chache, na sehemu yake hurithiwa. Ya anaplastiki ni adimu, lakini ni miongoni mwa saratani kali kuliko zote zinazompata binadamu: wagonjwa wengi hufariki kabla ya mwaka kwisha, na mara nyingi huanzia ndani ya rovu lililokaa shingoni kwa miaka mingi.

Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, watu zaidi ya 820,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya thairoidi mwaka 2022, na wanawake walikuwa karibu mara tatu ya wanaume. Jinsia basi ni kihatarishi, na hakuna awezaye kuibadili. Umri nao una lake: kwa wanawake ugonjwa hujitokeza sana kuanzia miaka ya thelathini hadi hamsini na kitu, na ukimpata mtu aliyevuka sitini huwa mkali zaidi. Unene wa kupita kiasi umo pia kwenye orodha, ingawa uzito wake ni mdogo ukilinganishwa na mengine.

Urithi ni habari nyingine. Tangu mwaka 1993 wanasayansi wanajua kuwa hitilafu katika jeni iitwayo RET hupita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto na kuleta saratani ya medula. Katika familia zenye hitilafu hiyo, tezi ya mtoto huweza kuondolewa kabla ugonjwa haujaanza. Kipimo cha jeni ni anasa kwa hospitali nyingi za ukanda huu, lakini swali ni la bure. Daktari anayemwona mgonjwa mwenye uvimbe shingoni anaweza kuuliza kama mama, baba, ndugu au shangazi aliwahi kufanyiwa upasuaji wa shingo au kufa kwa uvimbe kama huo. Juba ni mji wa watu wanaotaja ukoo wao hadi babu wa kumi. Taarifa hiyo ipo midomoni mwao, ikikosa tu mtu wa kuiandika.

Kisha mionzi. Hapa dunia ilijifunza kwa uchungu. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka na kumwaga angani iodini yenye mionzi. Ilitua kwenye majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa maziwa, na tezi zao zikaipokea kama zinavyopokea iodini ya kawaida. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi ilihesabu wagonjwa zaidi ya 19,000 wa saratani ya thairoidi kati ya 1991 na 2015, miongoni mwa watu waliokuwa chini ya miaka 18 siku ya ajali huko Belarus, Ukraine na mikoa ya Urusi iliyoathirika zaidi. Takriban robo yao kamati iliwahusisha na mionzi ile.

Msomaji wa Juba ataona kuwa Chernobyl ni mbali. Ni mbali kweli, lakini ndani yake kuna fundisho linalomhusu. Watafiti wakiongozwa na Elisabeth Cardis walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto walioishi kwenye maeneo yenye uhaba wa madini joto walikuwa na hatari takriban mara tatu zaidi kuliko wenzao waliopata mionzi ileile mahali penye madini joto ya kutosha. Tezi yenye njaa ya iodini ilimeza iodini yoyote iliyopita, hata ile yenye sumu. Poland, kwa upande wake, iliwahi kugawa dawa ya iodini kwa watoto zaidi ya milioni kumi katika siku zile za mwanzo. Hata katika mkasa wa nyuklia, lililoongeza au kupunguza madhara lilikuwa lilelile linalopaswa kuwemo kwenye chumvi.

Mionzi ya hospitali nayo hutajwa sana. Miaka ya katikati ya karne iliyopita, watoto wa Marekani walichomwa mionzi shingoni na kifuani kwa ajili ya tonsili na tezi ya thaimasi, na wa Israel kichwani kwa ajili ya mapunye. Miaka mingi baadaye saratani ya thairoidi ikajitokeza kwa baadhi yao. Tiba hizo zimekwisha kuachwa. Picha ya eksirei ya kifua anayopigwa mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hutoa mionzi kidogo sana isiyofanana hata chembe na ile ya tiba hizo, na asiyeikubali kwa kuogopa saratani hujinyima kipimo kinachoweza kuokoa uhai wake wiki hiyohiyo. Vipimo vya CT kwa watoto ndivyo vifanywe kwa sababu ya maana tu.

Turudi basi kwenye chakula, maana hapo ndipo Afrika Mashariki ina historia yake yenyewe.

Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, madaktari wa Kibelgiji, kina François Delange na André Ermans, walikuta jambo la ajabu miaka ya 1960. Kaskazini ya kisiwa marovu yalikuwa mengi mno. Kusini-magharibi yalikuwa machache. Lakini uhaba wa madini joto ulikuwa sawa pande zote mbili. Walipofuatilia chakula waliufikia muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha sayanidi, mwili huigeuza kuwa thayosayaneti, nayo huizuia tezi kunasa iodini. Mahali penye madini joto tele kizuizi hicho hakina nguvu. Mahali penye uhaba, huzidisha ukali wa njaa ya tezi. Huko Darfur, wataalamu walikuta uwele, chakula kikuu cha watu wa huko, nao una viambata vinavyoivuruga thairoidi.

Juba inakula muhogo, bafra kwa wenyeji, na Equatoria yote inaulima. Hakuna sababu ya kuuacha; umelisha watu wakati wa vita na wakati wa ukame. Kinachotakiwa ni kuuloweka vya kutosha na kuuanika ukauke, kama bibi wa huko walivyofanya siku zote, na kuhakikisha chumvi ya kwenye mboga ina madini joto.

Tanzania ilionyesha kuwa kazi hii inawezekana katika nchi maskini. Nyanda za juu za kusini, Iringa, Mbeya na Rukwa, zilijulikana kwa watu wenye marovu makubwa. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianza katikati ya miaka ya 1980 kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, kisha miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote ya kula iwekewe madini joto. Vincent Assey na wenzake walipopima tena watoto wa shule katika wilaya hizo mwaka 2004, marovu yalikuwa yameshuka kutoka zaidi ya nusu ya watoto hadi takriban asilimia 12.

Somo la Zanzibar ni la namna nyingine. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa visiwani hakuna tatizo: watu wanakula samaki na chumvi wanaivuna wenyewe baharini. Utafiti wa mwaka 2001 ulikuta rovu kwa mtoto mmoja kati ya watano Unguja, na kwa karibu mmoja kati ya watatu Pemba, ambako chumvi yenye madini joto ilikuwa karibu haipo majumbani. Maji ya bahari yana iodini, lakini chumvi inayobaki baada ya kukauka haina ya kutosha. Ikiwa Pemba, iliyozungukwa na Bahari ya Hindi, ilikutwa hivyo, mji ulio kilomita nyingi ndani ya bara hauna haki ya kubahatisha.

Hapa inafaa kuwa mkweli. Kuweka madini joto kwenye chumvi hakufuti saratani ya thairoidi. Uswisi ilianza mwaka 1922, na ilikuwa nchi ambayo daktari wake, Theodor Kocher wa Bern, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii baada ya kupasua maelfu ya marovu. Austria ilifuata mwaka 1963. Saratani haikutoweka katika nchi hizo. Kilichobadilika ni aina yake: huko Tyrol, mkoa wa Austria uliokuwa na marovu mengi, ile kali ya anaplastiki ilipungua na ya papilari inayotibika ikachukua nafasi kubwa zaidi. Kwa nchi isiyo na mashine hata moja ya tibamionzi, kupata saratani inayotibika badala ya isiyotibika ni tofauti ya uhai na kifo.

Wapo watakaosema Juba ina mambo mazito zaidi: malaria, kina mama wanaokufa wakijifungua, watoto wenye utapiamlo, watu waliokimbia vita. Ni kweli, na ndiyo maana hoja ya chumvi ina nguvu. Madini joto yanayozuia rovu ndiyo yanayozuia mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu na ubongo wa mtoto kudumaa. Gharama yake hukadiriwa kuwa senti chache za dola kwa mtu kwa mwaka. Na wala Sudan Kusini haihitaji kujenga kiwanda. Ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na kiwango cha Jumuiya kinataka chumvi ya kula iwe na madini joto. Kazi iliyobaki ni kuangalia kama kinachovuka mpaka ndicho kilichoandikwa kwenye gunia.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Ofisa hutwaa kijiko cha chumvi, hukitandaza kwenye kisahani, na kudondoshea tone moja la dawa yenye wanga. Chumvi ikiwa na madini joto hugeuka zambarau hapohapo; isipokuwa nayo hubaki nyeupe. Kazi hiyo huchukua dakika moja na mwanafunzi wa shule anaweza kuifanya. Ofisi ya Taifa ya Viwango ina watu Nimule. Wapewe vichupa vya dawa hiyo vya kutosha, wapime kila shehena, na matokeo yatangazwe redioni kwa Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka na Kiswahili, majina ya bidhaa yakitajwa. Wachuuzi nao waelezwe kuwa jua na unyevu hupunguza madini joto, hivyo gunia lifunikwe na chumvi iwekwe kivulini.

Jambo la pili ni mikono ya wahudumu wa afya. Kupima shingo hakugharimu kitu. Mgonjwa huketi, mhudumu husimama nyuma yake na kuweka vidole pande mbili za koo, kisha humwambia anywe funda la maji. Uvimbe wa thairoidi hupanda na kushuka pamoja na kumeza. Kila mjamzito anayefika kliniki ashikwe shingo mara moja, maana mimba huongeza mahitaji ya madini joto na rovu hukua wakati huo. Ikikutwa tezi yenye kinundu kigumu, achomwe sindano nyembamba kuchukua chembe za kuangaliwa kwa hadubini.

Kuna mtego mmoja ambao madaktari wa mjini wanapaswa kuuangalia kwa makini. Saratani ya papilari husambaa mapema kwenye tezi za limfu za pembeni mwa shingo. Kifua kikuu nacho huvimbisha tezi hizohizo, na kimeenea. Mgonjwa mwenye uvimbe pembeni mwa shingo anaweza kuanzishiwa dawa za TB kwa kukisia, akazimeza miezi sita, na kumbe ugonjwa ulikuwa mwingine. Sindano ile nyembamba hutenganisha mambo hayo mawili, mradi kuwe na daktari wa patholojia wa kusoma majibu. Serikali iwasomeshe zaidi, na iwalipe mishahara kwa wakati ili wabaki.

Hii haina maana kwamba kila mtu akimbilie ultrasaundi. Korea Kusini ilifanya hivyo. Vipimo vya bei nafuu vilienea, na kufikia 2011 idadi ya waliogunduliwa kuwa na saratani ya thairoidi ilikuwa mara kumi na tano ya ile ya 1993, lakini idadi ya waliokufa haikubadilika. Maelfu walipasuliwa kwa vinundu vidogo ambavyo visingewadhuru maishani. Juba iwatafute wenye uvimbe unaoonekana au kushikika, wala isiwatie hofu wenye afya.

Tiba ndiyo sehemu inayouma. Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani kutoka kusini walikwenda Khartoum. Vita vilivyozuka huko Aprili 2023 viliifunga njia hiyo. Wenye uwezo sasa huenda Kampala kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, au Nairobi, au Cairo. Huko Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road nayo hutoa tiba ya iodini yenye mionzi, ambayo huua chembe za papilari na folikula zilizobaki baada ya upasuaji. Wasio na uwezo hubaki. Na hata aliyepasuliwa vizuri akaondolewa tezi yote atahitaji kidonge cha levothairoksini kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Dawa hiyo ni ya bei ndogo na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Isikosekane kwenye duka la dawa la Hospitali ya Mafunzo ya Juba hata wiki moja, kwa kuwa anayekatwa tezi na kukosa kidonge huvimba, hulegea, na mwishowe hufa kwa tiba iliyokusudiwa kumponya.

Wizara ya Afya ianzishe pia daftari la saratani, hata kama ni la hospitali moja kwa kuanzia. Kampala imekuwa na daftari lake tangu miaka ya 1950, na kutokana nalo Uganda inajua inapambana na nini. Makadirio ya kimataifa kuhusu Sudan Kusini huazimwa kutoka kwa majirani, na bajeti haiwezi kutetewa bungeni kwa namba za kuazima.

Kwa msomaji mwenye uvimbe shingoni, dalili za kumfanya aende hospitali wiki hii ni hizi: uvimbe unaokua haraka au ulio mgumu kama jiwe, sauti iliyokwaruza isiyorudi, chakula kukwama au pumzi kubana, na tezi nyingine kuvimba pembeni. Uvimbe kwa mtoto, au kwa mtu ambaye ndugu yake aliwahi kuwa na saratani hii, nao usingojwe. Mwenye rovu la miaka lisilo na dalili hizo akapimwe pia, lakini kwa utulivu: katika kila vinundu ishirini vya thairoidi, vinavyokutwa na saratani kwa kawaida ni kimoja au viwili.